Doa jeupe la Funu

Huku Funu, katika komuni ya Kadutu hapa Bukavu, ardhi inatembea. Hilo si siri: milango inagoma kufunguka, ngazi za saruji zinaachana na nyumba. Nilichotaka mimi ni kujua wapi mwendo unaongezeka, maana mteremko mara nyingi huharakisha kabla ya kuporomoka. Vifaa vya kupimia sikuwa navyo. Nilikuwa na laptopu yenye ramu ya gigabaiti 8, na mega za kununua.

Setelaiti ya Sentinel-1 hupita kilomita 693 juu yetu, hurudi palepale kila baada ya siku 12, na picha zake za rada ni za bure. Rada hutuma mawimbi na kusikiliza mwangwi wake, nayo haizuiwi na mawingu. Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa faida ya hilo. Ukilinganisha picha mbili unapata rangi kama za mafuta juu ya maji, na kila mzunguko mmoja wa rangi ni sentimita 2.8 za ardhi kuisogelea setelaiti au kuikimbia.

Faili moja lina gigabaiti kadhaa. La kwanza lilinila usiku tatu. La pili lilikatika pamoja na umeme likikaribia kuisha. Programu ya kuzichakata nayo ikameza ramu yote, laptopu ikaganda. Nilikuwa nimeshakata tamaa nilipogundua kwamba Alaska Satellite Facility, kituo cha data za setelaiti huko Marekani, wanakupikia picha kwenye kompyuta zao, wewe unapakua kilichoiva tu. Bure pia!

Picha yangu ya kwanza ilionyesha mlima mzima umeshuka sentimita kadhaa. Nilimpigia rafiki usiku ule ule, akacheka mpaka akakohoa. Ulikuwa mvuke wa masika, unaolichelewesha wimbi la rada. Dawa yake ni kupanga picha za mwaka mzima: mvuke huja na kuondoka, mwendo wa ardhi hujilimbikiza.

Baada ya hapo ramani ikatulia. Mabati na kuta hurudisha wimbi vizuri, kwa hiyo mtaa ukajaa vitone vya vipimo. Isipokuwa katikati, doa jeupe, hakuna kipimo. Nikalihesabu kuwa kasoro, nikashuka kukagua kwa miguu nikiwa na ramani mkononi. Nilimkuta chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa huo.

“Papa, na hapa pia panatembea?”

“Mwanangu, hapa ndipo watu wanapojenga upya kila mvua.”

Niliona haya. Sehemu ikisogea zaidi ya sentimita 1.4, nusu ya mzunguko, kuliko jirani yake kati ya picha mbili, rada haiwezi tena kuhesabu mizunguko, na ardhi ikivurugika, mwangwi wa leo haufanani na wa juzi. Palipo peupe ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote. Sasa kila picha mpya ikija naanza na ukingo wa doa kabla ya rangi: likitanuka kuelekea nyumba zilizokuwa zimetulia, napiga simu.

Nyumba ya chefu iko ukingoni kabisa. Alipoiona kwenye ramani hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na nyundo. Tulipiga misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa wa ukuta wake. Jumapili baada ya misa anapima kwa rula ya mjukuu wake, ananitumia namba.