Kutoka makontena hadi mahamri

Nilikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha hapa Mombasa. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa 2017 na mizigo ikaanza kuipanda, makontena mengi yakawa yanatolewa forodhani kule Nairobi, si hapa bandarini. Ofisini tukapunguzwa mmoja mmoja, hadi zamu yangu ikafika.

Mama hakunipa pole ndefu. Alinisukumia sinia la unga: "Haya mwanangu, kanda."

Sasa nauza mahamri na mbaazi za nazi Majengo. Majirani husema nina moyo wa subira. Wapi! Usiku wa kwanza nililia hadi macho yakavimba. Ila unga wa mahamri haukubali pupa: ukishautia tui, iliki na hamira, unaufunika na kuuacha. Miezi ya kusi, kukiwa na kibaridi, huumuka polepole zaidi. Hapo ndipo nasali alfajiri, navuta pumzi, kisha nafungua daftari la madeni bila kutetemeka.

Wateja huniuliza kama nakumbuka ofisi. Mshahara naukumbuka sana. Simu za bosi saa nne za usiku, hata kidogo.