BSD hazihitaji ndoa, zinahitaji kukopeshana vizuri

Mafundi wa mitandao hapa Mombasa, hasa waliogeuza kompyuta kuukuu kuwa ngome ya mtandao wa ofisi kwa FreeBSD, huuliza swali moja: mbona FreeBSD, NetBSD, OpenBSD na DragonFly, mifumo endeshi ya ukoo wa BSD, zisiwe mfumo mmoja? Asili yao moja, leseni zinafanana, na waandishi wenyewe si wengi. Mimi naona kuziunganisha ni kosa. Fundi wa jahazi na fundi wa dau hutumia kalafati ile ile, na hakuna anayewaambia waunde chombo kimoja.

OpenBSD ilijitenga na NetBSD mwaka 1995. DragonFly ilitoka kwenye FreeBSD 4 mwaka 2003, kwa sababu Matthew Dillon, mwanzilishi wake, hakuridhika na jinsi FreeBSD 5 ilivyogawa makufuli ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa ajili ya prosesa nyingi. Kufuli huzuia prosesa mbili zisiguse kitu kimoja kwa pamoja. Ugomvi huo hauishi kwa kupeana mikono, maana umeingia ndani ya msimbo wenyewe.

Chukua draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ya kadi ya mtandao kutoka OpenBSD. Ndani utakuta splnet(), inayozuia interapti za mtandao (ishara za kadi zinazokatiza kazi ya prosesa) wakati foleni ya pakiti inaguswa. Pale kerneli yenye kufuli kubwa moja inapoiendesha draiva, hiyo inatosha. Ukiihamishia FreeBSD, unaiondoa na kutia mtx_lock(), kufuli ya FreeBSD, kila mahali foleni inapoguswa. Ukisahau pahali pamoja tu, draiva itakompailiwa bila lawama, ping itajibu, na mashine itatulia wiki nzima. Siku mzigo ukipanda, prosesa mbili huingia foleni ile ile kwa pamoja na kerneli inaanguka. Kuinasa hitilafu hiyo ni kazi, kwa kuwa ukiitafuta kwa mzigo mdogo haijitokezi. Anayetaka mfumo mmoja anataka kazi hii ifanywe kwa kila draiva, kisha watumiaji ndio wagundue palipoachwa.

Kukopeshana nako kuna kuzuri na kubaya. Kuzuri ni OpenSSH, programu ya kuingia mashine ya mbali kwa usalama: timu ya OpenBSD huandika toleo safi la mfumo wao, timu nyingine huongeza yanayohitajika kwingine, ndiyo maana matoleo ya kubebeka yana herufi p, kama 9.6p1. Mshono unaonekana wazi.

Pf, programu ya kuchuja pakiti kwenye ngome ya mtandao, ni funzo la upande wa pili. Ilitoka na OpenBSD 3.0 mwaka 2001, na FreeBSD ikaiingiza kwenye 5.3. Kila upande ukaendelea kurekebisha kivyake. Mwaka 2010 OpenBSD 4.7 ikabadilisha sarufi ya NAT (kubadili anwani ili mashine za ndani zitoke kwa anwani moja), huku FreeBSD ikibaki na ya zamani kwa miaka mingi:

nat on em0 inet from 192.168.10.0/24 to any -> em0

Kwa OpenBSD mpya kazi hiyo hiyo huandikwa:

match out on em0 inet from 192.168.10.0/24 nat-to em0

Ukinakili kanuni za mtandaoni bila kujua zimetoka wapi, ofisi nzima inakosa intaneti. Kabla ya kuzipakia, endesha pfctl -nf /etc/pf.conf: inasoma faili na kutaja mstari wenye kosa, bila kugusa kanuni zinazofanya kazi.

Anayeazima msimbo aanze kwa kuuingiza ulivyo kwenye tawi lake peke yake, asiguse hata nafasi kati ya maneno, na aandike umetoka toleo gani. Mabadiliko yake yaje baadaye, kila moja kivyake. Ukichanganya uingizaji na marekebisho, mwaka ujao hutajua kipi chako na kipi chao, na kiraka cha usalama kitakataa kukaa. Halafu viraka virudishwe vilikotoka. Hili ndilo linalopuuzwa zaidi, nami naliona ni deni la kweli.

Kuunganisha kuliwahi kufaulu, kwa OpenWrt, mfumo wa ruta. Waliojitenga walianzisha LEDE mwaka 2016, wakalalamikia uendeshaji wa mradi, si muundo wa kerneli. Msimbo ulikuwa bado karibu sawa. Januari 2018 wakatangaza kurudiana, na toleo la 18.06 likatoka kwa jina la OpenWrt, juu ya msimbo wa LEDE.