Bawa la Glaresis

Siku hizi simtoi akilini mbawakavu mdogo anayeitwa Glaresis. Ni jamaa wa mbali wa wale dundu wanaoviringisha kinyesi, ila ukimweka kiganjani utadhani ni chembe ya mchanga: wengi wao hawazidi milimita 6. Chini ya hadubini anabadilika kabisa. Mabawa yake magumu yana matuta membamba yaliyonyooka, juu yake vinyweleo vifupi vimejipanga safu kwa safu, na miguu ya nyuma ni minene mno, imeziba sehemu kubwa ya tumbo.

Huishi penye ukavu na mchanga, kusini mwa Afrika, Asia ya Kati na hata Marekani. Australia hayupo. Usiku hufuata taa, na karibu yote tunayoyajua juu yake yametokana na hao waliojileta wenyewe kwenye mwanga. Buu wake hajaelezwa na mtaalamu yeyote.

Mtaalamu wa wadudu Erichson ndiye aliyeipa jenasi hii jina, mwaka 1848. Kwa muda mrefu ikahesabiwa pamoja na familia ya Trogidae, wale wanaokula ngozi kavu na manyoya ya mizoga, kwa kuwa migongo yao yenye matuta inafanana. Mwaka 1994 watafiti Scholtz na Browne wa Pretoria, Afrika Kusini, wakiwa na mwenzao Kukalová-Peck, wakaangalia kwingine: mabawa ya nyuma, yale laini yanayokunjwa chini ya magumu. Walifuatilia mishipa yake na vipande vidogo vinavyoliunga bawa na kifua, wakakuta sifa za kale ambazo jamaa zake wameshazipoteza. Wakatamka kwamba Glaresidae, yaani Glaresis peke yake, ni familia inayojitegemea, tena ndiyo tawi lililochipuka kwanza katika ukoo mzima wa dundu hao, wakaifananisha na Archaeopteryx, yule kiumbe wa kale mwenye manyoya anayetajwa kama mwanzo wa ndege.

Kazi ile naiheshimu sana, lakini mfano huo naona umezidi. Archaeopteryx alikwisha zamani. Glaresis yupo, na amepitia miaka ileile waliyopitia dundu wa kinyesi. Kubaki na bawa la kale hakumfanyi kuwa babu yao. Isitoshe, uchambuzi wa DNA uliofuata haujamweka mahali pamoja kila mara.

Natamani watafiti wapunguze kungoja taani, wachimbe mchanga pale mbawakavu hawa wanapochomoza jioni. Akipatikana buu mmoja tu, taya zake na miguu yake vitakuwa ushahidi mpya kabisa, usiotegemea bawa.