Kodiani ya Joe Cooley

Mie naishi Gort, mji mdogo kusini mwa Galway huku Ayalandi, mji wenyewe una Wabrazil wengi waliokuja kufanya kazi za machinjio, ukiingia dukani Kireno utakisikia vizuri tu. Kazi yangu kutunza wazee. Siku moja mzee mmoja akaniuliza kwetu Zanzibar watu wanapiga muziki gani, nikamwambia taarab, kuna fidla, ganuni, udi na kodiani. Kusikia kodiani tu akanyoosha kidole kwenye kabati nimtolee sidii. Juu imeandikwa Cooley, bas, ndo huyu Joe Cooley, mpigaji kodiani wa hukuhuku.

Jamani, ile sidii mpaka leo sijaichoka.

Kodiani yake siyo kama zile za Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha kwetu Zanzibar. Ile tuliyoizoea ina vibao kama piano, ukibonyeza kibao sauti ni ileile usukume au uvute. Hii ya Cooley ina batani safu mbili na kila batani ina sauti mbili, ukisukuma inatoka hii ukivuta inatoka nyingine, kwa hiyo mkono wa kushoto haupumziki, mvukuto unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na huko kusukuma na kuvuta ndo mdundo wenyewe. Ndugu yake Jack yupo pembeni na ngoma ya ngozi ya mbuzi, kuna na banjo, lakini wallahi hata ungewatoa wote ungecheza tu.

Sasa kilichonigusa mie ni hiki. Cooley katokea Peterswell, kijiji jirani na hapa tulipo. 1954 kaenda Marekani, kapita New York, Chicago, mwisho San Francisco, anapigia dansi za Waayalandi wenzake, miaka karibu 18 huko na albamu yake mwenyewe hana. 1972 karudi kwao. Novemba 1973 wakamrekodi kwenye baa ya kijijini kwao, mwezi uliofuata akafariki, miaka 49 tu. Shirika la Gael Linn la huku Ayalandi wakaitoa albamu 1975, yeye hakuiona.

Na baa unaisikia humo ndani. Viatu vinagonga sakafu, watu wanapiga vigelegele katikati ya nyimbo, hakuna aliyeambiwa anyamaze. Wapigaji wa leo wakitoa albamu ya kodiani peke yake wengi wanaingia studio, kila noti inang'aa, nazisikiliza na nazipenda, ila pale Peterswell unamsikia mtu yuko na watu wake, na mie niliyeondoka kwetu miaka 11 iliyopita kile kishindo cha viatu kinaniingia sana.

Ijumaa nikitoka shifti napita baa moja hapa mjini, naagiza chai yangu, wapigaji wanakaa duara wanatazamana wenyewe kwa wenyewe, jukwaa hakuna, hakuna wa kuwatunza pesa, wimbo ukiisha wanaunganisha na mwingine bila kupumua. Nakaa mpaka wanafunga mifuko yao.

Juzi nikamtumia baba mdogo wimbo mmoja kwa Watsap, yeye kodiani kaipiga toka ujana wake. Akanijibu kwa vois, "Huyu bwana anavuta hewa kama mtu anapiga kasia, mkondo uko mbele yake." Alafu akaniambia nitume na zilizobaki.