Sauti Iliponipwea

Sauti ilinipwea katikati ya ubeti wa tatu, wiki tatu kabla ya Maulidi ya Lamu ya mwaka 1988. Nilikuwa na miaka 14. Wenzangu wa madrasa wameketi safu mbili, matari magotini, Maalim kafumba macho kama ada yake anaposikiliza, nami ndiye niliyepewa kasida ya kufungulia. Nikapanda pale mahali pa juu, nilipokwisha kupapanda mara mia, na kilichotoka kikawa mkwaruzo wa bawaba yenye kutu. Safu ya nyuma ikacheka. Nikajaribu tena, hata mkwaruzo haukuja.

Kwetu chombo kikikwama mchangani maji yanapokupwa, husemwa kimepwelewa. Na mtu akikaukiwa na sauti, husemwa imempwea. Nilikuwa nikilijua neno hilo tangu utotoni bila kuliwazia. Usiku ule nililiwazia.

Mama alianza na tangawizi na asali. Zikafuata ndimu, habasoda ya kutwanga, maji ya chumvi ya kusukutua, na shali ya bibi niliyofungwa shingoni katika joto lile. Siku ya tatu nikapelekwa kwa tabibu. Akanimulika koo kwa tochi, akasema nyuzi za sauti zimevimba, na kwa umri wangu sauti ilikuwa ikibadilika hata bila ya maradhi. Mimi nilikuwa nikiilazimisha ipande mahali isipotaka tena kupanda. Dawa yake siku 10 za kunyamaza. Kunong'ona pia marufuku, maana kunong'ona nako kunaweza kuzichosha nyuzi.

Nyumbani tulikuwa ndugu saba. Mama aliona wazi kuwa siku 10 haziwezekani humo ndani, akaamua kila nikitoka skuli niende kwa Ami. "Kule yuko mtu wa kusema kwa niaba yako," alisema.

Ami, ndugu yake baba, alikuwa na kiduka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mahali penye wembamba hasa, ambapo punda mwenye mzigo akipita huna budi kuinua magoti uliyoyaning'iniza barazani. Alitengeneza redio na saa, na akirekodi kaseti. Kilichomlisha kilikuwa taarabu: Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma. Watu walileta kaseti tupu asubuhi, wakazifuata jioni. Kiduka kilinuka risasi iliyoyeyuka na spiriti ya kusafishia vichwa vya rekoda. Kabla ya hapo Ami alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alipandia Kilindini akiwa kijana, na alirudi na mambo matatu: goti bovu, Kiingereza cha matusi, na sanduku la santuri.

Mimi nilikuwa na daftari la hesabu na penseli, hayo ndiyo maneno yangu. Wateja walinipa tabu. Mzee mmoja alipoambiwa "Huyu hasemi," aliniinamia akaanza kunipigia kelele sikioni, kama kwamba aliyepoteza sauti kapoteza na masikio. Bibi mmoja wa Langoni alinihurumia akaniletea kashata, akarudi nazo na kesho yake. Nilizila. Sikuandika chochote daftarini.

Siku ya pili mteja aliondoka, Ami akachomoa kaseti chini ya meza. Mgongoni kaiandika kwa mkono wake, OTIS.

"Huyu naye walimwambia anyamaze," alisema.

Nikainua kichwa.

Hiyo ilikuwa ndoana, na alijua nimeimeza, kwa hiyo hakunieleza. Alinianzia mbali, kama mtu mwenye siku nane za kumaliza. Otis Redding alizaliwa mwaka 1941 katika mji mdogo wa Dawson, jimbo la Georgia, Marekani, akakulia Macon. Babake alikuwa mtu wa kanisa, na mtoto aliimba kanisani kabla hajaimba popote. ("Kama wewe na kasida," Ami alisema, na akatazama nje kwanza kuona kama Maalim hapiti.) Baba akaugua kifua kikuu, mtoto akaacha skuli kusaidia nyumba. Alifanya kazi ya kuchimba visima. Sijui kwa nini jambo hilo lilinikaa kuliko mengine. Labda kwa sababu nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kisima, na nilikuwa nimewaona wachimbaji wakitolewa kwa kamba, weupe kwa vumbi la mawe, wasiweze kusema neno mpaka wapewe maji.

Ami alikuwa na sheria zake. Adhana ikianza, rekoda huzimwa, na haiwashwi tena mpaka watu watoke msikitini. Mteja wa taarabu akija, Otis hutolewa katikati ya neno. Hakuna mtu hata mmoja Lamu nzima aliyewahi kumletea kaseti tupu akataka arekodiwe Otis. "Hawa hawajui," alisema, bila ya uchungu wowote.

Kisa alichokipenda zaidi ni cha mwaka 1962. Otis alikuwa dereva. Mpiga gitaa aitwaye Johnny Jenkins alikwenda kurekodi Memphis, katika studio ya Stax, na Otis ndiye aliyeendesha gari. Studio yenyewe ilikuwa sinema ya zamani; viti vimeondolewa, sakafu bado ina mteremko. Kazi ya Jenkins haikwenda vizuri, ikabaki nafasi kidogo mwisho wa siku, yule dereva akapewa aimbe. Wimbo alioimba ndio uliomtoa.

Kila alipofika hapo Ami alisimama. Goti bovu na yote. "Dereva!" alisema, akaupiga mkono mezani hata skrubu zikaruka. Nilikisikia kisa hicho mara nne ndani ya siku 10, na mara zote alisimama.

Kisha akanieleza jinsi Otis alivyowafundisha watu wa tarumbeta. Hakuwaandikia noti. Aliwaendea, akawaimbia kwa mdomo kile alichotaka wapige, mmoja mmoja. Ami akawa ananionyesha: akafumba mdomo nusu, akatoa pa-pa-paa ya tarumbeta, akanitazama. Mimi sina sauti lakini nina vidole. Nikashika kifuniko cha bati cha redio iliyofunguliwa, nikampigia kama tari. Akarudia, nikajibu. Tulikwenda hivyo, baharia na bubu, hadi mwenye duka la vitambaa jirani akaja mlangoni kuuliza kama tumerukwa na akili.

Nimezisikiliza nyimbo hizo tangu hapo kwa miaka mingi, nikiwa na masikio ya mtu mzima, na maoni yangu hayajabadilika: wengi wanamjua kwa ule wimbo mmoja wa mwisho, "(Sittin' On) The Dock of the Bay", lakini ule ni Otis aliyetulia. Otis hasa yumo katika zile za 1965, santuri aliyoirekodi karibu yote ndani ya siku moja. Hulishika neno moja, akalivuta, akaliachia, akalirudia kabla halijaanguka. Kwetu mwimbaji mzuri wa kasida hufanya hivyohivyo na jina la Mtume, mpaka wasikilizaji wanaanza kuyumba. Maalim asingependa nilinganishe, na namwomba radhi huko aliko.

Mwaka ule wa 1965 pia alitunga wimbo wa kudai heshima, wimbo wa mwanamume anayerudi nyumbani. Miaka miwili baadaye Aretha Franklin akauimba upya kama mwanamke anayedai heshima yake, na ukawa wake. Ami alipomwambia hayo yule bibi wa kashata, alisema, "Alitenda vyema," kisha akauliza bei ya betri.

Siku ya tisa, baada ya Alasiri, Ami alifunga duka mapema. Akatia rekoda katika kikapu, akaniambia, "Ndoo," yaani njoo.

Tukashuka hadi gatini. Maji yalikuwa yakipwa. Mashua zilizofungwa karibu na ukuta zilikwisha kulala ubavu, na majahazi ya boriti yalikuwa nje kidogo, yakisubiri. Upande wa pili, Manda, ile ndege ndogo ya jioni ilikuwa ikiondoka. Tuliketi ukingoni, miguu juu ya tope, na hapo ndipo aliponipa kile alichonikatia siku ya pili.

Mwaka 1967 Otis alikuwa kileleni. Masika aliimba Ulaya. Juni akaimba Monterey, California, mbele ya maelfu ya vijana wa Kizungu ambao wengi wao hawakuwa wakimjua, akawainua wote. Kisha akakaa siku chache Sausalito, ng'ambo ya San Francisco, katika nyumba iliyoelea majini, na huko akaanza kutunga wimbo wa mtu aliyekaa gatini akitazama maji yakipwa. Halafu koo likamshinda. Alikuwa na vinyama katika nyuzi za sauti, vikakatwa, akaambiwa anyamaze. Wiki kadhaa, mtu ambaye kazi yake yote ni mdomo.

"Naye alikuwa na daftari?" niliandika.

"Huenda," Ami alisema. "Lakini sauti iliporudi, ilirudi nyingine. Laini zaidi. Akaingia studio akarekodi kama mtu aliyekuwa na njaa."

Akabonyeza rekoda. Mawimbi ya kaseti yakaanza kabla ya gitaa, na kwa muda sikuweza kutambua yapi ya ndani na yapi ya chini ya miguu yetu. Mawimbi yale, na ndege wa baharini wanaosikika humo, aliyatia mpiga gitaa Steve Cropper baadaye, yeye aliyeumalizia wimbo pamoja na Otis. Mwishoni kabisa hakuna maneno. Otis anapiga mbinja tu. Ami alisema palipangwa maneno ya kusemwa hapo, mwenyewe akayasahau, akapiga mbinja kujaza nafasi. Mama alikuwa akitukataza mbinja baada ya jua kutua, kwamba zinaita majini. Nililitazama jua. Lilikuwa bado na kidole kimoja juu ya nyumba.

"Siku chache baada ya kurekodi," Ami alisema, "akapanda ndege yake."

Ilikuwa ndege ndogo, aliyoinunua kwa ajili ya safari za kuimba. Tarehe 10 Desemba 1967 ilianguka katika ziwa Monona, karibu na mji wa Madison, Wisconsin. Maji ya baridi kali. Walikuwa wanane ndani: Otis, rubani, msaidizi wake, na vijana wa bendi yake, Bar-Kays, wengine wametoka skuli juzi. Saba walikufa. Otis alikuwa na miaka 26. Aliokoka mmoja, Ben Cauley, mpiga tarumbeta, aliyeshikilia mto wa kiti ukamwelea. Aliwasikia wenzake wakiita, asiweze kuwafikia. Wimbo ulitoka Januari 1968, na kufika Machi ulikuwa wa kwanza Marekani nzima, mwenyewe yuko kaburini. Ami aliusikia mara ya kwanza katika baa ya mabaharia Rotterdam, na mpishi wa meli ndiye aliyemwambia kwamba huyo anayepiga mbinja amekufa.

Tafadhali elewa nilikotoka. Lamu mtoto huogelea kabla hajajua kusoma. Tulijirusha kutoka gati lile lile kila jioni, na kuzama kwetu lilikuwa jambo la vyombo vikubwa na dhoruba za kusi. Nikamwona yule kijana na mto wake wa kiti, na kitu kikanipanda kifuani, na sikufikia daftari.

"Ami, alikuwa hajui kuogelea?"

Sauti ilitoka. Ilitoka chini, nzito, kama ya mtu aliyeketi nyuma yangu. Hata niligeuka.

Ami hakunikemea. Alizima rekoda. "Hakuwa akijua," alijibu kwanza, maana swali lilikuwa la haki. Kisha akasema, "Sasa sinene tena mpaka kesho. Tumepewa siku 10, si tisa."

Kasida sikurudishiwa. Mtoto mwingine alikuwa amekwisha kupewa, mdogo wangu kwa miaka miwili, na usiku wa Maulidi, pale msikiti wa Riyadha, watu wamejaa hadi nje, aliipanda ile sehemu ya juu bila ya kukunja uso. Mimi nilikuwa safu ya nyuma na tari langu, nikiitikia kwa sauti nisiyoizoea. Nilimwonea wivu kwa ubeti mmoja hivi, halafu matari yakakolea nikasahau.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile ya siku ya tisa tuliachana na Ami kwenye kona ya msikiti, adhana ya Magharibi imekwisha kulia. Nilifika nyumbani nikaukuta mlango umerudishwa. Desturi ni desturi, na nyumba ilikuwa na wageni wa kike. Huwezi kusukuma tu. Siku tisa nilikuwa nikigonga kwa pete ya mlango. Safari hii, nikijua fika nimekatazwa, nilisema:

"Hodi."

Ndani pakawa kimya. Nikasikia nyayo zikikimbilia chumbani, na mama akivuta leso kujitanda.

"Baba yao hayupo," alijibu nyuma ya mlango, kwa ile sauti yake ya kusemea na wanaume wasio wake. "Yuko msikitini. Nani wewe?"