Bendi ya mtaani na jamaa wa rithim

Wenzangu waliohamia Dom, yaani Dodoma, na serikali wakianza kulalamika huwa ni mambo mawili tu, vumbi na kwamba huku hakuna muziki. La vumbi sibishi, upepo wa mwezi wa nane ukiamka hata chai unainywa na mchanga wake. Ila la muziki nabisha, na nabisha nikiwa na usingizi maana jana bonanza lilianza saa kumi na moja jioni nikajiambia nasikiliza nyimbo mbili naondoka, nimefika nyumbani saa tano usiku masikio yanalia.

Sehemu zenyewe huzioni kwenye mabango. Ni baa za mtaani, Chang'ombe, Majengo, Nkuhungu, Ipagala kule ndani, bati juu, viti vya plastiki, jiko la nyama nyuma, na kona imeinuliwa kwa matofali ndo jukwaa hilo. Kiingilio hakuna, unanunua soda yako au bia au glasi ya waini ya hapahapa, si tuko kwenye zabibu bana. Bendi ni watu sita wakijaa: gitaa la solo, gitaa la rithim, gitaa la besi, drams, mwimbaji ambaye akichoka kuimba anahamia kwenye tumba, na mzee wa saksafoni anayekuja na bodaboda, saksafoni kaifunga mgongoni kwa kamba ya manila.

Wanajiita Jazz, kama walivyojiita kina Dar es Salaam Jazz toka 1932, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Mtu akija akitegemea jazz ya Marekani, mambo ya New Orleans, atashangaa, humu ni rumba na chacha na ngoma za nyumbani zilizohamishiwa kwenye gitaa, na nusu ya usiku ni kopi za zilipendwa. Mi kopi hazinikeri. Tena wakipiga kopi ndo nawajua vizuri, maana wimbo naujua toka utotoni kwenye redio ya baba, kwa hiyo nasikia hapa wameuvuta, hapa wameongeza, hapa besi kaamua yake.

Ila kilichonifunga kwenye hizi baa ni rithim. Kwenye redio, miaka yote hiyo, nilikuwa nasikia sauti na solo basi, hayo mengine yote nikiyachukulia kama kelele ya nyuma. Sasa huku meza ya mbele inagusana na amplifaya, huna pa kukimbilia, unamwona kabisa yule jamaa wa rithim anarudia kitu kilekile kifupi, hakipambi, hakiongezi, dakika kumi nzima mkono hautetereki, na solo anaingia kwenye nafasi anazoachiwa. Wanasukana kama mkeka. Halafu linafika chemko, ile sehemu ya moto ya kucheza, mwimbaji kanyamaza, drams zimebadilika, solo anapanda juu. Kwenye zile santuri ndogo za zamani wimbo mrefu ulikuwa unakatwa, nusu upande huu nusu upande wa pili, sahani haikutosha. Baa haina upande wa pili. Mpiga solo anaangalia miguu ya watu, miguu ikiwa bado inataka anaendelea tu.

Jana wakati wa mapumziko nilimfuata huyo wa rithim, mchana ni fundi simu, kijana mpole sana. Nikamuuliza mbona watu wanapanda kumtunza mwimbaji, noti zinabandikwa kwenye paji la uso, solo naye anapata, we hata mia hupewi, hukereki? Akacheka. Akasema, "Mama, subiri wimbo wa pili, katikati ya chemko nitaacha kupiga, we angalia watu." Nikajua ananitania. Wimbo wa pili ukaja, watu wamejaa mbele, akaniangalia, akatoa mkono kwenye nyuzi. Solo akaendelea, besi akaendelea, drams zikaendelea, hakuna aliyekosea kitu. Lakini yaani ungeona, wale waliokuwa wanacheza wakaanza kupoa, huyu kakumbuka bia yake, yule kaenda kutoa simu, wawili wakaenda kukaa kabisa, na ukiwauliza wasingekwambia kwa nini. Mpiga solo kageuka kamkata jicho. Yule wa rithim akarudisha mkono, na watu wakarudi. Nikaenda kumtunza mimi mwenyewe, elfu tano kwenye paji la uso, ukumbi wote ukanishangilia kama nimelewa.

Aside ya wadada: ndiyo naenda peke yangu, ndiyo kuna mbaba atatuma bia. Mjue dada wa kaunta kwa jina, atairudisha kabla haijafika mezani.

Kuna kitu kingine ambacho Dar sijakisikia. Kuna muda mpiga solo akizima sauti ya nyuzi kwa kiganja anaanza kudonoa kwa vidole viwili, gitaa linatoa mlio wa ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyodonolewa kwa vidole ambayo marehemu Hukwe Zawose aliizungusha dunia nzima. Hapo wazee ambao toka jioni hawajanyanyuka utawaona, mabega yanaanza, mama mmoja wa Mvumi jana alimaliza kabisa ukumbi. Akatuambia kwao ndo kwao Patrick Balisidya wa Afro 70, kwa hiyo tusimfundishe muziki. Tukanyamaza.

Ninachoogopa ni kwamba baa moja niliyokuwa naipenda imeachana na bendi, wameweka kijana na kinanda na flashi ya midundo, kinanda kinapiga kila kitu na yeye anaimba juu yake. Ni bei rahisi, naelewa, bendi ya watu sita inakula na kunywa na inataka nauli. Lakini flashi haiwezi kuangalia miguu ya mtu.

Halafu mzee wa saksafoni ana shida ya ridi, kile kipande cha mwanzi cha mdomoni, zikiisha anaagiza Dar, zikichelewa anazichonga zile kuukuu kwa wembe na jana moja imepasuka katikati ya wimbo akamalizia kwa kuimba. Anayejua duka lolote hapa Dom linalouza, hata moja moja, aniambie nimpelekee.