Bakhita alisema hapana

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii moyo wangu umekwama kwa Mtakatifu Josephine Bakhita, na hasa kwenye siku moja ya maisha yake ambayo naona hatuihubiri sana. Tukimtaja Bakhita tunakimbilia msamaha, kwamba alisema angekutana na wale waliomteka angepiga magoti awabusu mikono, na ni kweli alisema, ni maneno makubwa mno. Ila kabla ya hapo kuna Bakhita aliyekataa.

Kwa kifupi tu kwa wasiomjua, alizaliwa Darfur, Sudan, karibu na mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto mdogo kabisa na kwa ile hofu akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake, Bakhita ni jina walilompa watekaji. Aliuzwa mara kadhaa, El Obeid, Khartoum, na katika nyumba ya jenerali mmoja wa Kituruki alichanjwa chale 114 mwilini, kifuani tumboni na mkononi, halafu vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yabaki. Makovu yale alizikwa nayo.

Mwaka 1885 balozi mdogo wa Italia aliyekuwa amemnunua akaondoka naye kwenda Italia, na huko akapewa familia ya Michieli, akawa yaya wa mtoto wao Mimmina. Baadae mama mwenye nyumba akasafiri kwenda Suakin, bandari ya Sudan, ambako mumewe alikuwa na hoteli, Bakhita na mtoto wakaachwa kwa masista wa shirika la Wakanosa kule Venice. Hapo ndo akafundishwa kuhusu Mungu. Yeye mwenyewe alisema tangu utoto alikuwa akiangalia jua na mwezi na nyota anajiuliza bwana wa vitu hivi vizuri ni nani, sasa masista wakamwambia ni nani.

Mama akarudi. Anataka mtoto wake na anataka "mtu wake", warudi wote Afrika. Na Bakhita, binti wa miaka kama 20, hana ndugu hapo, Kitaliano chenyewe cha kuokoteza, akasema siendi, siwezi kutoka kwenye nyumba ya Bwana. Jamani hebu tulieni hapo kidogo. Huyo mama hakuwa yule wa chumvi, alikuwa amemtunza vizuri, na Mimmina ni Bakhita mwenyewe aliyekuwa amemlea, alimpenda sana, kwaiyo kukataa kulimuuma kwelikweli. Mama akakasirika, wakaitwa wakubwa, akaja Patriaki (askofu mkuu) wa Venice, akaja mwanasheria wa mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba utumwa hautambuliki kwa sheria ya Italia, Bakhita ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa, Kipaimara na Komunyo ya kwanza siku hiyohiyo.

Mtume Paulo anasema "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa" (Gal 5:1). Simameni! Bakhita alisimama, na naamini msamaha wake una uzito kwa sababu hiyo, alisamehe akiwa ameshatoka, hakuna aliyemwambia avumilie abaki. Mara ngapi tunamwambia mwanamke anayepigwa nyumbani "mama samehe, beba msalaba wako", tena tunatumia watakatifu kumnyamazisha? Bakhita hawezi kutumiwa hivyo. Naomba sana tusimtumie hivyo.

Aliweka nadhiri 1896, akaishi miaka mingi Schio, mji wa Italia, akiwa mpishi, mshonaji, bawabu wa mlango, watu wa mji wakampenda. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na katika ugonjwa wa mwisho akawa anamwomba muuguzi amlegezee minyororo, ni mizito. Karibu miaka 60 baada ya kuwa huru! Kwaiyo ukiona mtu amesamehe na bado anaamka usiku analia, usimwambie imani yake ni ndogo. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 2000, na tangu 2015 sikukuu yake ndo siku ya kuwaombea waathirika wa biashara ya binadamu.

Na hilo tusilipeleke Sudan tu. Mabinti wanatolewa vijijini kuja mjini, wameahidiwa shule, wakifika ni kazi alfajiri mpaka usiku, mshahara unasemekana umetumwa kwa wazazi, simu imefungiwa kabatini. Wengine ni nyumba za sisi tunaosali jumuiya. Kama una dada wa kazi, wiki hii mpe hela yake mkononi mwake, mrudishie simu, na muulize Jumapili anataka kwenda kusali wapi, hata kama si kwetu. Na akikwambia anataka kurudi kwao, mkatie tiketi.